Ukitaka Kuisomea Uzaramo Chuo Kikuu

Pekua kitabu cha udahili ukurasa kwa ukurasa, hutakuta shahada ya Uzaramo. Kijana wa Ireland akienda chuo kikuu cha Dublin au Galway anaweza kusomea historia, fasihi, lugha na utamaduni wa kwao, akahitimu na cheti kinachosema hivyo waziwazi. Wewe uliyezaliwa Maneromango, Msanga, Soga au Mlandizi huna mlango wa namna hiyo. Ulicho nacho ni vipande: kimoja kiko Idara ya Historia, kingine Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), kingine Akiolojia, kingine Sosholojia na Anthropolojia. Hakuna mhadhiri atakayekukabidhi vyote vimefungwa pamoja. Kazi ya kuvifunga ni yako, na inawezekana kabisa ukijua pa kuanzia.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia wapi. Uzaramo ni ya kale kuliko mipaka ya wilaya. Inaanzia pwani ya Dar es Salaam, inapanda vilima vya Pugu na Kisarawe, inashuka magharibi hadi bonde la Ruvu. Kibaha iko ukingoni huko, kwa hiyo si ya Wazaramo peke yao. Ukienda upande wa Magindu utakutana na Wakwere, na mitaa ya Maili Moja leo ina watu wa kila mkoa. Kusini, Wazaramo wanapakana na Wandengereko. Ukiandika kana kwamba kila aliyezaliwa Mkoa wa Pwani ni Mzaramo, msimamizi wako atakurudisha ukurasa wa kwanza, na atakuwa na haki.

Kabla ya kujaza fomu

Kama bado uko kidato cha tano au cha sita, tahasusi za HGK, HKL na HGL zote zinakufikisha. Mimi ningependelea zile zenye Historia na Kiswahili pamoja, yaani HGK au HKL. Ukifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, chagua Historia iwe mguu wako wa kwanza. Mguu wa pili uwe isimu, ama kwa kupitia TATAKI, ama kupitia idara inayofundisha lugha na isimu katika Ndaki ya Insia. Wengi hukimbilia fasihi kwa kuwa inaonekana tamu, lakini anayetaka kuisoma Uzaramo atahitaji kujua namna ya kuandika sauti za lugha, kupambanua ngeli na kulinganisha maneno. Ukishapata ujuzi huo, nyimbo na ngano utazishughulikia vizuri zaidi kuliko aliyeanza na uhakiki.

Wazazi wakisema usome ualimu kwa sababu ya ajira, usigombane nao. Shahada ya sanaa na elimu inakuruhusu kubeba Historia na Kiswahili kama masomo ya kufundishia, na mwaka wa tatu utaandika kazi yako ya utafiti kama wenzako ikiwa programu yako inaruhusu. Isitoshe, mwalimu aliyepangiwa shule ya Kisarawe ya ndani ana nafasi ambayo profesa wa Mlimani hana: anaishi na wazee, na watoto wao anawafundisha.

Anayependa zaidi ngoma, uchongaji au maigizo aitazame pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Huko si pa kuandika tasnifu ndefu. Lakini mtu anayetaka kuandika juu ya ngoma ya mdundiko bila kujua inapigwaje atatoa maelezo ya mtazamaji wa barabarani.

Anza na maktaba

Wanafunzi wengi wakishapata wazo hukimbilia kijijini na simu ya kurekodia. Wanarudi na saa nyingi za sauti wasizojua wazifanyie nini, kwa kuwa hawakujua kipi kimeshaandikwa. Tumia muhula mzima kwenye chumba cha East Africana cha maktaba ya Mlimani kabla hujapanda daladala la Gongo la Mboto kwenda Kisarawe.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Anza na kitabu cha Fadhili Mshana juu ya sanaa ya Wazaramo, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2016. Kinakuonyesha vitu vinavyoshikika: mwana hiti, yaani kile kinyago kidogo cha mti kinachohusiana na uzazi na mwali, fimbo za uongozi zenye vichwa vya kuchongwa, na nguzo za makaburini. Ni rahisi kuanza na vitu kuliko na dhana. Kisha chukua kitabu cha Marja-Liisa Swantz cha mwaka 1970 kuhusu ibada na alama katika maisha ya Wazaramo, hasa wanawake. Mama huyu kutoka Finland aliishi Bunju, akaingizwa katika mambo ya wanawake ambayo hakuna mtafiti wa kiume angeruhusiwa kuyaona. Cha mumewe, Lloyd Swantz, kuhusu waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, kilitoka mwaka 1990.

Sasa simama kidogo utazame ramani. Bunju iko pwani, kaskazini mwa jiji. Waganga wa Lloyd Swantz ni wa mjini. Maana yake vitabu hivi viwili vinavyotajwa sana juu ya Wazaramo vinahusu mji na ukanda wa bahari. Vijiji vya Kisarawe ya ndani, kama Chole Samvula, Vikumburu, Mafizi na Kurui, si kitovu chake. Kila unaposoma sentensi inayosema Wazaramo hufanya hivi au vile, andika pembeni kwa penseli: wapi? Alama hiyo ya kuuliza inaweza kukupa mada ya tasnifu.

Kwa historia ya kale kabisa, Rhonda Gonzales aliandika mwaka 2009 juu ya watu wanaozungumza lugha za jamii ya Ruvu, yaani Wazaramo na ndugu zao Wakwere, Wakutu, Wakami, Waluguru na wengineo, akitumia ulinganishi wa maneno kufika nyuma ya pale maandishi yanapoishia. Ni kitabu kigumu kwa mwaka wa kwanza. Kisome mara mbili.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita bonde la Ruvu mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860. Utamhitaji, kwa kuwa anataja majina ya vijiji na ya wakuu wao, pamoja na habari za Mfaransa Maizan aliyeuawa Dege la Mhora mwaka 1845. Lakini ni mtu wa dharau. Anaowaandika hakuwapenda na hakuficha. Chukua majina, njia, ushuru na tarehe, hukumu zake uziache hapohapo.

Usikose pia maandishi ya Kiswahili ya wakati huo. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, alikusanya maandishi ya watu wa pwani wenyewe. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli iliyotoka mwaka 1903 ni kazi ya mkono wake kwa kiasi kikubwa. Katika mkusanyiko mwingine wa Velten, wa mwaka 1907, kuna habari za Mzizima na Dar es Salaam ya zamani: jinsi Washomvi wa pwani walivyoelemewa na Wakamba wakaomba msaada kwa Wazaramo wa bara, na jinsi Pazi, kiongozi wa Wazaramo, alivyokuja kuwa mtu wa kupewa haki yake na watu wa pwani. Simulizi hiyo ndiyo mlango wa siasa za Uzaramo kabla ya Mjerumani. Isome kwa Kiswahili chake chenyewe, usitegemee muhtasari wa Kiingereza ulionakiliwa na vitabu vingine.

Zoezi la Kibasila

Kama una wiki moja tu ya kujipima iwapo kazi hii inakufaa, fanya zoezi hili. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu Shule ya Sekondari Kibasila. Wachache wanajua kuwa Kibasila alikuwa jumbe wa Kisangire, ndani ya Kisarawe ya leo, na kwamba Wajerumani walimuua kwa sababu ya vita ya Maji Maji.

Chukua makala ya John Iliffe ya mwaka 1967 kuhusu namna Maji Maji ilivyopangwa, kisha makala ya Thaddeus Sunseri ya mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe pori Uzaramo. Zote mbili zilitoka katika jarida moja la historia ya Afrika. Ziweke mezani pamoja.

Kwa Iliffe, kiini ni pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe, watu wakalazimishwa kulima, na malipo yakawa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Kisha imani ya maji ikawaunganisha watu ambao awali hawakuwa na serikali moja. Kwa Sunseri, pamba ipo, lakini anaingia ndani ya nyumba na shamba. Wanaume walikuwa wakitolewa kijijini, uwindaji ulibanwa, nguruwe wakashamiri, na wanawake ndio waliobaki kulinda mihogo na kutafuta chakula cha watoto. Vita katika maelezo yake haianzi na mashujaa wa kiume tu.

Angalia kinachotokea. Nchi ni ileile na miaka ni ileile, hata sehemu ya ushahidi ni ileile, lakini maswali ni tofauti. Mmoja aliandika miaka michache baada ya uhuru, wakati taifa lilikuwa linatafuta mizizi ya umoja wake. Mwingine aliandika wakati wanahistoria wamekwisha kuanza kuuliza habari za wanawake na mazingira. Usitafute nani kashinda. Andika kurasa tatu ukieleza kila mmoja aliona nini na hakuona nini, halafu ujiulize mkulima wa Kisangire wa leo angeongeza nini. Ukizifurahia kurasa hizo tatu, endelea. Zikikuchosha, bado kuna sheria na uhasibu.

Sunseri ana pia kitabu cha mwaka 2009 kuhusu misitu na migogoro yake tangu mwaka 1820 hadi 2000. Kwa mtu wa Kisarawe anayeiona misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kila siku, hicho ni cha kumiliki kama uwezo upo.

Wanafunzi walishawahi kufanya hivi

Usione aibu kuwa wewe ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilifanya mradi wa utafiti wa Maji Maji kwa kuwatuma wanafunzi wake vijijini wakati wa likizo, wakahoji wazee walioiona vita au waliosikia kwa wazazi wao. Ripoti zao zilikusanywa mwaka uliofuata, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya Maji Maji bila kuzigusa. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga: kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kina Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu walikuwa wanaijenga historia ya Tanzania, na vijana wa darasani ndio waliokuwa miguu yao.

Ireland walienda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi waliagizwa kuandika kwenye madaftari hadithi, tiba, methali na majina ya mahali kutoka kwa babu na bibi zao. Madaftari hayo yametunzwa Dublin na yanasomeka mtandaoni bure. Sioni sababu Shule ya Msingi ya Msanga ishindwe kufanya hivyo kwa muhula mmoja, mwalimu akiwa na moyo.

Sasa hesabu. Mzee aliyehojiwa mwaka 1968 akiwa na miaka 80 alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi vita ilipoanza mwaka 1905. Bibi wa miaka 80 unayemhoji leo alizaliwa miaka ya 1940. Usimuulize habari za Kibasila kana kwamba alikuwapo. Muulize alichosimuliwa, na uandike wazi kuwa ni cha kusimuliwa. Alichokiona kwa macho yake ni kingine, nacho kina thamani kubwa: Uhuru, Azimio la Arusha, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa kutoka makazi yao na kupangwa kando ya barabara. Mikorosho iliyoachwa iko wapi? Makaburi ya wazazi yalibaki wapi? Nani alirudi kimyakimya? Maswali hayo yana majibu leo. Miaka kumi ijayo yatakuwa na majibu machache.

Swali liwe dogo

Msimamizi akikuuliza mada usimwambie "mila na desturi za Wazaramo". Mada hiyo inafaa kwa bango la tamasha; utafiti unataka kitu unachoweza kukizunguka kwa miguu.

Minaki, kwa mfano. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama Kiungani, Zanzibar, kikaja kuwekwa kwenye vilima hivi vya Kisarawe miaka ya 1920, chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Wasomi wengi wa Tanganyika walipita pale. Lakini wanakijiji waliokuwa jirani wa shule, wengi wao Waislamu, walikuwa na uhusiano gani nayo? Waliuza nini, walifanya kazi gani, watoto wao walisoma au hawakusoma? Hilo ni swali la kurasa 40 lenye mpaka.

Au Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama kituo cha nchi za Nordiki na Tanganyika, likakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Habari zake rasmi zimeandikwa: shule, hospitali ya Tumbi, chuo cha wananchi. Ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya hapo, na walikwenda wapi, ni kazi ya mtoto wa Kibaha.

Au reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule wa Maji Maji, ikapita Soga na Ruvu. Leo reli ya kisasa inapita maeneo hayohayo. Anayeweza kukaa na wazee wa Soga akasikia kituo kilivyobadilisha soko la mkaa na machungwa ana tasnifu mkononi.

Kijerumani na nyaraka

Hapa wengi hukwama. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Berlin waliingia Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890. Mmoja wao, August Worms, alichapisha sarufi fupi ya Kizaramo mwaka 1897. Vituo vyao vya Uzaramo vilichukuliwa na shirika jingine la Berlin mwaka 1903, na Martin Klamroth wa shirika hilo akaandika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mfululizo wa makala juu ya imani za Wazaramo, zikiwamo habari za Kolelo, pango la Uluguru ambako watu wa Uzaramo walipeleka maombi ya mvua. Yote ni kwa Kijerumani.

Huhitaji kuzungumza Kijerumani kama mzaliwa wa Hamburg. Unahitaji kusoma, kamusi ikiwa pembeni. Taasisi ya Goethe iko Dar es Salaam. Mwaka mmoja na nusu wa jioni utakufikisha kwenye kurasa za Worms, kwa sababu ndani ya kurasa hizo kuna Kizaramo chenyewe. Kuhusu majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Upanga, mwongozo wake ulichapwa mwaka 1973; omba uoneshwe. Majalada ya Waingereza ni rahisi zaidi. Anza na kitabu cha wilaya ya Uzaramo na barua za maofisa. Nenda na barua ya chuo, penseli na subira, kwani jalada uliloomba asubuhi huenda likafika mchana.

Kwenda kijijini

Barua inashuka ngazi kwa ngazi na huruki hata moja. Chuo kinakuandikia kibali cha utafiti kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, Kibaha. Ofisi yake inakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Yeye kwa Mtendaji wa Kata, huyo kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye atakusainisha kitabu cha wageni na kukugongea muhuri. Ndipo unapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Piga nakala nyingi kabla ya kuondoka mjini. Mashine ya kunakili ya kijijini huenda haina wino. Na usidhani kuwa mtoto wa palepale kunakuondolea utaratibu huu. Mtoto wa palepale asiye na barua ndiye anayeshukiwa kuwa dalali wa viwanja, na kwa hali ya ardhi ya Kisarawe na Kibaha sasa hivi, siwalaumu.

Kwa mzee usiende mikono mitupu wala usiende na bahasha. Kilo ya sukari na majani ya chai vinatosha. Piga hodi, toa shikamoo, kaa utakapooneshwa, na ukiulizwa habari za kwenu, jibu kikamilifu. Ukoo wako utajulikana kabla ya jina lako. Siku ya kwanza simu ibaki mfukoni. Siku ya pili, ukiruhusiwa, iweke mezani waziwazi na uanze kwa sauti: leo ni tarehe fulani, tuko kitongoji fulani, nazungumza na Babu fulani, ameniruhusu kurekodi. Maneno hayo kumi na matatu yatakuokoa miaka mitano baadaye, majalada ya sauti yatakapokuwa mia na majina yao yote ni tarakimu.

Muda mzuri ni baada ya alasiri, watu wakirudi shambani, au baada ya isha wakati wa kahawa. Msimu wa korosho usitegemee kumpata mtu mchana.

Jambo la unyago liseme mapema. Kama wewe ni mwanaume, yaliyo ndani kwa mwali si yako, na hakuna barua ya Katibu Tawala itakayokufungulia. Fanya kazi na mwanafunzi mwenzako wa kike, jina lake liandikwe kama mtafiti na si kama msaidizi. Kama wewe ni mwanamke na umechezwa, unajua mengi, lakini kujua si ruhusa ya kuchapa. Kaa na kungwi, mweleze utakachoandika, na nyimbo atakazokukataza uziache. Tasnifu haitapungua alama. Pia tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ridhaa ya mhojiwa si adabu tu sasa.

Kizaramo kwanza

Nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kumsisitizia kijana wa Uzaramo, ni lugha. Kiswahili kilisemwa jirani kabisa, watu wa Uzaramo walikisema tangu zamani, na kwa sababu hiyo Kizaramo kinapungua kwa kasi zaidi kuliko lugha za bara zilizo mbali na mji. Vijana wa Kisarawe mjini wengi wanaelewa matani mawili matatu ya bibi, basi. Mzee akikusimulia kwa Kiswahili anakupa habari. Akisimulia kwa Kizaramo na mwenziwe wakirekebishana, utapata majina ya miti, sehemu za nyumba, aina za udongo, hatua za ugonjwa, na namna ndugu wa upande wa mama wanavyotajwa tofauti na wa upande wa baba.

Yaliyokwisha kufanywa yapo. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, kazi ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Mlimani, inakuonyesha nani anasema nini wapi. Malin Petzell na Harald Hammarström walichapa mwaka 2013 ulinganisho wa lugha za Ruvu, Kizaramo kikiwamo, na jarida lao linasomeka bure mtandaoni. Lakini maandishi marefu ya Kizaramo yaliyorekodiwa kwa wazungumzaji wa leo, yakafasiriwa mstari kwa mstari, ni machache sana. Ukikusanya simulizi ishirini tu, ukazinukuu vizuri, utakuwa umefanya zaidi ya wengi wenye digrii mbili.

Mtu atakuuliza utapata kazi gani. Wapo wanaoingia ualimu, makumbusho, nyaraka, redio, maofisa utamaduni wa halmashauri. Nafasi si nyingi, nami sitakudanganya. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba ya Kizaramo; nenda uitazame, kisha ujiulize kama maelezo yanayotolewa pale yanakutosha.

Na ukishamaliza, tasnifu usiiache rafu ya Mlimani peke yake. Chapa nakala tatu za ziada. Moja ipeleke maktaba ya umma ya Shirika la Elimu Kibaha, moja ofisi ya kijiji ulikofanyia kazi, moja kwa mzee aliyekupa muda mwingi kuliko wote, pamoja na sauti yake kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Na kama ameshatangulia mbele ya haki, wape watoto wake.